Picha ya Papa Ambayo Hakuna Aliyeipiga

Mama alikubali kufanya matanga ya Papa, baba yangu, wakati watu wa kanisa walikuwa wameshaacha kumwuliza. Tulikuwa tunakula. Aliweka tonge la bukari pembeni ya sahani, akanawa mkono, akasema, "Sawa. Waambie baba zako wadogo wakuje. Lakini ninataka foto yake juu ya meza. Siwezi kulilia meza tupu."

Hatukuwa na picha yake hata moja. Papa alikuwa fundi wa vitanda na milango huko Nyunzu, na vita ilipofika kwenye mtaa wetu aliwatanguliza Mama na dada yangu mdogo kwa miguu, waje huku Kalemie. Yeye alibaki kulinda atelie yake ya useremala. Alisema atafuata. Nyumba iliungua, atelie ikaungua, na albamu iliyokuwa na picha za harusi yao na za ubatizo wetu ikaenda na moshi. Kadi yake ya uchaguzi, yenye picha, ilikuwa mfukoni mwake. Mimi nilikuwa Kalemie tayari, ninasoma, na simu niliyokuwa nayo haikuwa na kamera. Waliokuja nyuma ya Mama walieleza kila mmoja la kwake. Mmoja alisema alimwona amelala kando ya reli, hana viatu. Mwingine alisema yule hakuwa yeye. Hakuna aliyemzika, na kwa hiyo Mama alikataa miaka yote kuvaa nguo za ujane.

Nilijua kwa nini aliomba picha kwangu. Nina studio ndogo karibu na bandari. Napiga picha za pasipoti, nachapa picha za harusi na za marehemu, na siku hizi watu huniletea picha zilizopasuka au kuliwa na maji nizitengeneze kwa kompyuta. Nilikuwa nimeanza kutumia programu moja ya akili bandia, ile unayoiandikia maneno nayo inakutolea picha. Mama alikuwa ameiona ikimrudishia mteja sikio ambalo panya walikuwa wamelila pamoja na kona ya karatasi.

"Unarudishaka sikio za watu," aliniambia. "Rudisha na Papa yako."

Nilimwambia sikio ni kitu kimoja na mtu mzima ni kitu kingine. Kesho yake asubuhi, umeme ulipokuwa umerudi, alikuja studio, akakaa kwenye kiti cha wateja na kusubiri.

Nilianza kwa Kiswahili. Niliandika: mwanaume mwenye umri wa miaka hamsini, fundi wa mbao, kutoka Nyunzu. Mashine ikatoa mzee mwenye ndevu nyeupe na shanga shingoni, amesimama mbele ya kibanda cha nyasi, jua linazama nyuma yake. Anacheka na meno yote.

Mama aliangalia kwa muda. "Huyu nani?"

"Ni jaribio, Mama."

"Papa yako alivaaka shanga?"

Nikaandika kwa Kifaransa, maana nilishaona mashine inasikia Kifaransa vizuri zaidi. Nikaongeza maneno ambayo vijana wa mjini hupeana: picha halisi kabisa, ubora wa juu, kamera ya kitaalamu, nzuri sana. Alitoka mwanaume mwenye ngozi inayong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, mashavu yamejaa, mwanga umemzunguka kama mtakatifu.

"Huyu hajawahi kulala na njaa," Mama alisema. "Huyu ni muntu wa kuuzisha sabuni."

Siku kadhaa zilikwenda hivyo. Nilipoandika neno vita, mashine ilimpa machozi na vumbi usoni, mkono mmoja umenyooshwa kama anaomba. Nilipoandika maskini, ilimrarua shati. Ilikuwa na Mwafrika wake iliyemzoea, na kila nilipomfukuza mlangoni aliingia dirishani. Mama hakukasirika. Alikuwa anatikisa kichwa tu, na kila alipotikisa kichwa nilimwona amechoka zaidi.

Kilichonisaidia ni picha mbovu za wateja. Siku moja nilikuwa nachapa picha ya marehemu iliyoletwa kwenye simu: mama mmoja amekaa uani, amefumba nusu ya jicho, mwanga wa adhuhuri umempiga kwenye paji la uso, nyuma yake kamba ya nguo na ndoo. Picha mbaya. Lakini hakuna ambaye angeuliza kama mama yule aliishi. Nikafikiri, tatizo ni mimi. Ninaomba picha nzuri, na watu wetu hawana picha nzuri.

Basi nikaondoa maneno yote ya sifa. Niliandika: picha iliyopigwa na simu ya bei ndogo, saa sita mchana, haijatulia vizuri. Ukuta wa matofali ya kuchoma nyuma. Mtu hakujiandaa, ameitwa jina akageuka. Niliandika vipele vya wembe kwenye shingo. Jasho kidogo juu ya mdomo. Kola iliyokunjika upande mmoja. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Kovu kwenye nyusi, pale ubao ulipomrukia nikiwa mtoto. Na badala ya kuanza na maneno matupu, nilianza na picha yangu mwenyewe, kwa sababu watu wa Nyunzu walikuwa wakiniita kwa jina lake, kwa jinsi nilivyofanana naye. Nikaiambia mashine inizeeshe.

Kujiona unazeeka kwenye kioo cha kompyuta, na mama yako amekaa nyuma yako anasema "bado, ongeza," si jambo ninalomtakia mtu. Nilikuwa nabadilisha kitu kimoja tu kila mara, maana ukibadilisha viwili hujui kipi kimeharibu. Pua, kisha tunaangalia. Taya, kisha tunaangalia. Mama alikuwa anafunga macho, anaweka vidole kwenye uso wake mwenyewe, anaupima, halafu anafungua na kunionyesha kwenye kioo.

"Hapa palikuwa pameingia ndani kidogo."

"Mimi nakumbuka palikuwa pamejaa, Mama."

"Wewe ulimuona akiwa Papa. Mimi nilimuona akiwa kijana."

Tulibishana juu ya mdomo mpaka jenereta ya jirani ikazimika na kompyuta nayo ikazimika. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Mimi nilikuwa na uhakika na mdomo wa Papa, na yeye alikuwa na uhakika na mdomo wa mume wake, na ilikuwa midomo miwili tofauti. Mwishowe nilimpa aliotaka yeye. Yeye ndiye mjane.

Ile iliyokuja mwisho haikuja polepole. Niliongeza kivuli cha paa la mabati juu ya paji la uso, nikaomba asitabasamu, nikabonyeza. Picha ilipofunguka, Mama alisimama. Alivuta kikwembe chake akajifunika kichwa, kama alivyofanya zamani Papa alipoingia na wageni.

"Njo yeye," alisema. "Ee Mungu wangu, ni yeye kabisa."

Mtu yule alikuwa amegeuka kutuangalia, kama tumemkatiza kazi. Ngozi ilikuwa ngozi. Jicho dogo lilikuwa linataka kuuliza kitu. Mimi sikuweza kusema kama ni Papa. Nilikuwa nimeangalia nyuso nyingi mno. Nilijua tu kwamba ni mtu, na kwamba picha hiyo ikiwa mkononi mwa mtu yeyote hatauliza ilitoka wapi.

Niliichapa kubwa, nikaitia kwenye fremu. Mama aliibeba kifuani hadi nyumbani, akaisimamisha juu ya kabati. Baba zangu wadogo walipofika kupanga siku ya matanga, walisimama mbele yake. Mdogo wao alilia. Kisha wakakaa, na wakangoja Mama aseme tarehe.

Mama alisema, "Hakuna matanga."

"Shemeji, tulikubaliana," baba mdogo alisema.

"Mulikubaliana kabla hamujamuona. Angalieni macho yake. Muntu anayeniangalia hivi hajakufa."

Walipoondoka nilikaa naye. Nilimwambia kwa upole kadiri nilivyoweza. "Mama, picha hii nimeitengeneza mimi. Ulikuwepo. Pua uliichagua wewe."

"Na wewe nilikutengeneza mimi," alijibu. "Juu ya hiyo uko wa uongo?"

Akaniagiza niitume kwenye magrupu yote ya simu: ya kanisa, ya wafanyabiashara wa samaki, ya watu wa Nyunzu waliotawanyika. Aliniambia maneno ya kuandika. Tunamutafuta Papa huyu, familia yake iko Kalemie, aliyemuona atujulishe. Nilituma. Ningekuwa nadanganya nikisema nilituma kwa ajili yake tu. Usiku wa vita ile nilikuwa nimelala salama chumbani kwangu mjini, na hakuna siku niliyoacha kumngoja kwenye njia ya kutoka stesheni.

Majibu yalianza kuja. Mengine yalikuwa ya watu wa kuomba pesa, wengine walituma baraka. Halafu kwenye simu ikaja sauti iliyorekodiwa ya mama mmoja mchuuzi wa Manono, anayekwenda kununua samaki Kiambi, kwenye mto Luvua. Alikuwa anaongea kwa haraka, nyuma yake kuna kelele za soko. "Yule Papa ninamujua. Anauzishaka samaki ya kukausha. Iko na kovu hapa kwenye nyusi. Haongeaki sana, lakini ni yeye, ninyi mukuje tu."

Mama aliisikiliza sauti ile mpaka akaijua kwa moyo. Aliisema pamoja na yule mama, akivuta pumzi mahali pale pale.

Tulipanda treni. Ilipofika Nyunzu ilisimama muda mrefu, watu wakapandisha magunia ya mihogo na karanga, na watoto wakapita madirishani wakiuza mayai ya kuchemsha. Mama hakutazama nje. Alijiinamia, akashika mfuko wake wenye picha, na midomo yake ilikuwa inatembea. Tulishuka Kabalo, tukachukua pikipiki kuelekea Manono, na kutoka hapo njia za porini hadi Kiambi. Mama hakuwahi kupanda pikipiki maishani. Alimshika dereva kiunoni kama mtoto, na tulipovuka vijito aliinua miguu kabla maji hayajafika. Njiani hakulalamika hata kidogo. Alikuwa amepaka mafuta usoni na amevaa kikwembe kipya.

Tulimkuta nyuma ya nyumba yake, anageuza samaki juu ya moto wa kukaushia. Mtu aliyetuongoza alimwita, naye akageuka.

Alikuwa yule yule. Siyo kufanana kama watu wanavyofanana kwenye ukoo. Jicho la kushoto, mashimo ya mashavu, kovu, hata namna ya kugeuka kama amekatizwa kazi. Hata mdomo tuliobishania ulikuwa pale juu ya uso wa mtu mwenye damu.

"Karibuni," alisema. "Karibu, Mama."

Mama alimkaribia polepole. Alimwangalia usoni muda mrefu sana, akitabasamu kidogo, na machozi yakawa yanashuka bila sauti. Mke wa yule mtu alitoka jikoni, mwanamke mwenye umri wa Mama, akasimama na mwiko mkononi.

"Munataka nini kwa bwana yangu?" aliuliza.

Mama alisema, "Papa, nionyeshe mikono yako."

Yule mtu alimwangalia mke wake, kisha akanyoosha mikono, viganja juu. Ilikuwa mikono ya mvuvi, imekatwakatwa na kamba za nyavu, vidole vyote vipo. Papa alikuwa amepoteza ncha ya kidole gumba cha kulia kwenye msumeno kabla mimi sijazaliwa. Mama alivishika vile vidole gumba, kimoja kimoja, akavibonyeza kwenye ncha kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akaviachia.

"Si yeye," alisema.

Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na kikwembe chake kipya.

Mke wa yule mtu alianza kuongea kwa hasira, na hasira yake ilikuwa woga. "Bwana yangu amezaliwa hapa. Mama yake tumemuzika hapa. Tangu foto ile ianze kutembea kwenye masimu hatulali. Vijana walikuja kumuuliza, amefanya nini Kalemie, kwa nini wanamutafuta. Wengine wanasema alikuwa na bunduki wakati wa vita, anajificha. Jana walimusukuma sokoni mbele za watu."

Yule mtu alinyoosha mkono. "Nipe hiyo foto."

Nilimpa. Aliishika mbali na uso wake, kisha karibu. Niliona anajigusa shingoni, akitafuta ile kola iliyokunjika. Hakuwa na shati la namna hiyo.

"Nani alinipiga hii?" aliuliza.

"Hakuna aliyekupiga, Papa. Ni mashine. Si wewe."

"Si mimi?" Alinigeuzia picha na kuiweka pembeni ya kichwa chake, ili nione vyote viwili. "Waambie wale vijana, si mimi. Ukifika kule barabarani, waambie."

Nilienda kuwaambia. Walikuwa wamekaa karibu na mahali pa kuchaji simu. Nilieleza kompyuta, nikaeleza Papa yangu, kidole gumba, kila kitu. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza mmoja aliniuliza, "Sasa, kaka, kama hakuna aliyemupiga foto, mashine ilimujua wapi?" Nilitoa simu mbele yao. Niliandika ujumbe kwenye magrupu yote kwamba tumekosea, mtu wa Kiambi si yeye, futeni picha. Wengine walinijibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, kisha nikaona wengine bado wanaituma mbele.

Tulilala kanisani, na alfajiri tukaanza kurudi. Mama alimwachia mke wa mvuvi kikwembe chake kipya, na yule mama alikipokea bila kusema asante. Baadaye, mara ya mwisho nilipompata kwa simu mchuuzi wa Manono, aliniambia nyumba ile imefungwa na wenyewe wamehamia upande wa Piana-Mwanga, kwa ndugu. Hakujua kama walihama kwa amani.

Kwenye treni Mama aliniomba niifungie picha ndani ya begi langu, si ndani ya lake. Tulipokuwa tumeshapita Nyunzu aliniambia, akiangalia mbele, "Nikifunga macho anakuja yule wa Kiambi, na samaki zake. Ninamuita Papa yako, anakuja yule."

"Itapita, Mama."

"Nilikuwa naye," alisema. "Alikuwa anafifia, ndiyo. Alikuwa kama muntu anayeonekana kwenye moshi. Lakini alikuwa yeye."

Matanga yalifanyika. Mama mwenyewe alisema siku, na mwenyewe alikata nywele zake. Baba mdogo alitaka kuweka fremu juu ya meza, Mama akaitoa bila ugomvi akaweka bilauri ya maji. Wachungaji walisema maneno yao. Watu waliimba, wakala sombe na ndagala, wakaondoka mapema kwa sababu mvua ilikuwa inakusanyika juu ya ziwa. Mama hakulia. Dada yangu aliniambia jikoni kwamba anaogopa namna Mama asivyolia. Tangu siku ile amevaa nyeusi, anakwenda sokoni, anarudi, anaongea kuhusu bei ya unga. Jina la Papa halitaji tena. Mimi nami nimejaribu kumkumbuka bila mashine. Nakumbuka harufu ya mbao mbichi na sauti ya randa. Juu ya shingo hakuna kitu, au kuna uso wangu mwenyewe uliozeeshwa.

Habari zimeenea mjini kwamba kuna studio inayorudisha watu. Wanakuja. Mama mmoja ambaye binti yake alizama na mtumbwi alikaa kwenye kile kiti kutwa nzima, akinieleza nywele za mtoto zilivyosukwa. Nilimwambia mashine imeharibika. Aliniangalia, akaiangalia kompyuta inayowaka, akachukua mfuko wake akaenda zake.

Na ujumbe haujaacha kuja. Papa ameonekana Uvira, anasukuma mkokoteni. Ameonekana Kigoma, hospitalini. Ninajibu kila mmoja kwamba tulishazika habari hiyo, ninawashukuru, ninaomba wafute. Wiki hii kijana wa Moba alituma na picha aliyoipiga mwenyewe bandarini: mwanaume ameketi juu ya gunia, amegeuka kama ameitwa jina. Niliikuza mpaka ikavunjika vipande vipande vya rangi, na sikuweza kusema kama ni yeye, au ni mwingine anayefanana na ile picha, au kama kijana ameitengeneza kwa mashine kama yangu. Kazi yangu ni picha, na sikuweza kusema.

Sikumwonyesha Mama. Niliiacha kwenye simu, sikuifuta, kisha nikamwita mteja aliyekuwa anangoja picha za pasipoti, nikamwomba akae wima na asifumbe macho.